Kiwanja hiki ni cha nani? Swali jepesi Columbus, zito Dodoma

Hapa Columbus, Ohio, ninakoishi, mtu yeyote anaweza kujua nyumba yoyote ya mjini ni ya nani. Anafungua tovuti ya Mkaguzi wa Kaunti ya Franklin, anaandika anwani, na papo hapo anaona jina la mwenye nyumba, imeuzwa lini na kwa bei gani, na kodi yake ya mwaka ni kiasi gani. Akitaka kuiona hati ya mauziano, au mkopo ambao nyumba hiyo imewekewa dhamana, anakwenda kwa Msajili wa kaunti hiyohiyo. Akitaka kujua kama muuzaji ana kesi, Karani wa Mahakama ana ukurasa wa kutafuta kwa jina. Sheria ya kumbukumbu za umma ya Ohio inasema wazi kwamba mwombaji halazimiki kujitambulisha wala kueleza anazitakia nini.

Mimi ni mtoto wa Dodoma, nimekulia Chang'ombe. Sehemu kubwa ya ninachokipata huku inaishia kwenye ardhi ya nyumbani, kama ilivyo kwa wanadiaspora wengi ninaowafahamu. Ndiyo maana jambo hili linaniuma, na naomba niliseme bila kuzunguka: nyumbani kumbukumbu zipo, na sheria ya kuziona ipo, lakini bado tunazifikia kupitia mtu anayemjua mtu. Asiye na mtu ananunua gizani.

Baba yangu mdogo aliniambia kapata kiwanja cha mimi kununua, kupitia dalali, upande wa Nzuguni, Dodoma. Picha ya barua ya toleo, yaani barua ya kumgawia mtu kiwanja, ikaja kwa WhatsApp, muhuri upo, namba ya kiwanja ipo, kitalu kipo. Bei ilikuwa nzuri na muuzaji alikuwa na haraka, eti ana mgonjwa. "Mwanangu, wahi," baba mdogo akaniambia, "kuna wengine wanakitaka." Mimi nilikuwa na maswali mawili tu. Kiwanja hiki kimesajiliwa kwa jina la nani? Na je, kuna kesi juu yake popote?

Swali la kwanza lina njia. Sheria ya Usajili wa Ardhi, Sura ya 334, inamruhusu mtu yeyote kuomba upekuzi kwenye daftari la Msajili wa Hati akilipia ada. Unapeleka maombi yenye namba ya kiwanja na kitalu, unapewa kontroo namba, unalipa kwa simu, unapata majibu ya maandishi. Nimeshangaa ni wangapi hawalijui hili, wakiwemo wasomi wazuri tu. Watu wanaishia kwa mwenyekiti wa mtaa, wanaandikiana mkataba mbele ya mashahidi, muhuri unagongwa, wanaamini wamemaliza. Mwenyekiti anaweza kumfahamu muuzaji tangu utotoni na bado asijue kilichoandikwa kwa Msajili.

Lakini njia ikiwepo haina maana kwamba inapitika. Katika ofisi moja baba mdogo aliambiwa jalada halionekani, arudi wiki inayofuata. Akarudi, aliyekuwa akilishughulikia yuko safari. Kilichofungua mlango ni binamu yangu, ambaye alisoma darasa moja na mtumishi mmoja wa pale. Jalada likapatikana mchana uleule. Sidai kwamba kuna aliyeomba rushwa, hakuna aliyeomba. Ninachosema ni kwamba jalada lililokuwa halionekani kwa mzee aliyekuja na kofia yake mkononi lilionekana kwa kijana mwenye rafiki. Kwangu hilo ni baya kuliko ada ya aina yoyote, kwa sababu ada mtu anaweza kuikusanya.

Majibu yalikuja na jina la mtu mwingine kabisa.

Swali la pili, la kesi, ndilo lililonionyesha umbali uliopo kati ya huku na nyumbani. Kwa mujibu wa Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi ya mwaka 2002, mgogoro unaweza kuanzia Baraza la Ardhi la Kijiji, ukaenda Baraza la Kata, kisha Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, Mahakama Kuu, na hatimaye Mahakama ya Rufani. Tangu marekebisho ya mwaka 2021, Baraza la Kata halitoi tena uamuzi, linasuluhisha tu. Na mabaraza ya wilaya, ambako mashauri mengi ya ardhi ndiko yanakosikilizwa kwanza, yaliundwa chini ya Wizara ya Ardhi, si chini ya Mahakama. Kila ngazi ina masijala yake na karani wake. Ukifanya upekuzi kwa Msajili utaona kilichosajiliwa kwake: rehani, zuio (yaani taarifa kwamba kuna mtu anayedai haki juu ya kiwanja), uhamisho. Shauri lililofunguliwa barazani halitaonekana hapo mpaka mhusika mwenyewe apeleke zuio, na wengi hawajui kwamba wanapaswa kufanya hivyo. Kwa hiyo unaweza kushika karatasi safi ya upekuzi huku ndugu wawili wanatoana macho barazani juu ya kiwanja hichohicho.

Dodoma ina ugumu wake wa ziada, na usipoujua hutaelewa kwa nini jalada moja linatafutwa sehemu tatu. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya nchi Dodoma ulifanyika mwaka 1973, na mwaka huohuo ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ambayo sote tuliizoea kwa jina la CDA. Kwa zaidi ya miaka 40 CDA ndiyo iliyopanga, kupima na kugawa viwanja, kwa mikataba ya miaka 33. Mei 2017 Rais Magufuli akaivunja, shughuli zake zikahamia kwa manispaa, na mwaka uliofuata manispaa ikawa jiji. Miaka 33 ikabadilishwa kuwa hati za miaka 99 kama sehemu nyingine za nchi. Hapohapo serikali nzima ikawa inahamia, bei za ardhi zikapaa kuanzia Iyumbu mpaka Ihumwa, na mashamba ya mtama ya Wagogo yakageuka viwanja. Katika hali hiyo milki pandikizi, yaani kiwanja kimoja kuwa na wenyewe wawili na wote wana karatasi, si ajabu. Familia inayoshika barua ya enzi ya CDA na familia iliyomilikishwa baadaye wanaweza wote kuwa wasema kweli.

Sasa niwe mkweli kwa upande wa pili pia, maana sipendi tabia ya wenzangu wa huku ya kuona kila cha nyumbani ni kibovu.

Kwa hukumu, nyumbani tumepiga hatua ambayo Watanzania wengi hawajaitumia. TanzLII, tovuti ya sheria na hukumu za Tanzania, inaweka hukumu za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani mtandaoni, bure, na mimi nazisoma nikiwa kitandani hapa Ohio. Andika jina la mtaa, la kata au la mhusika, utashangaa. Nilisoma mashauri ya ardhi yaliyotoka mabaraza ya mkoa wetu na kukatiwa rufaa Mahakama Kuu Dodoma, na nilijifunza mengi kuliko niliyowahi kuambiwa na dalali yeyote: jinsi mkataba usio na mashahidi wanaoeleweka unavyoanguka, jinsi mipaka ya kiwanja isipotajwa kwenye madai shauri zima linavyokwama. Mahakama imeingia kwenye mfumo wa kielektroniki wa kusajili mashauri, na tangu mwaka 2021 sheria imefanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, ingawa hukumu nyingi za nyuma ni za Kiingereza na shangazi yangu wa Mpwapwa hawezi kuzisoma. Huku Marekani mahakama za shirikisho zinatoza senti 10 za dola kwa kila ukurasa wa jalada la kesi unaoufungua kwenye mfumo wao wa PACER. Hukumu zenyewe ni bure, na watumiaji wadogo wanasamehewa, lakini mita ipo.

Tena hati ya nyumba ya Ohio haina nguvu ambayo watu wa nyumbani wanaidhania. Msajili wa kaunti anapokea nyaraka na kuzitunza. Kwa kawaida hathibitishi kwamba aliyeuza alikuwa mwenye mali. Ndiyo maana wanunuzi hulipia kampuni zipekue mlolongo wa wauzaji wa nyuma, kisha wananunua bima ya umiliki, ya kuwakinga akitokea mwingine mwenye haki juu ya nyumba. Kwetu, daftari la Msajili lina uzito mkubwa zaidi kisheria. Tuna karatasi yenye nguvu, ila haionekani.

Na uwazi wa huku una jeraha lake. Mpangaji akifunguliwa kesi ya kufukuzwa kwenye nyumba, jina lake linaingia kwenye mfumo wa mahakama, na mwenye nyumba mwingine akilitafuta analiona, hata kama kesi ilifutwa. Nimewaona Waafrika wenzangu, watu wa kazi, wakinyimwa nyumba baada ya nyumba kwa jambo walilokwisha lipa. Sitaki hilo liende Dodoma. Sitaki mtu aandike jina la mama yangu na kuona kila alichonacho.

Kwa hiyo ninachoomba ni kidogo kuliko cha Ohio. Tufungue kiwanja, tusimfungue mtu. Nikiandika namba ya kiwanja na kitalu, nionyeshwe kama kimesajiliwa, kama kina rehani au zuio, na kama kuna shauri lolote kuanzia baraza la wilaya kwenda juu, na namba ya shauri hilo. Jina la mmiliki lithibitishwe tu: muuzaji ametaja jina, mfumo unasema ndiyo au hapana. Hapo hata Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 haiguswi vibaya, maana hakuna anayechungulia maisha ya mwenzake. Wizara imekuwa ikihamishia majalada kwenye mfumo wa kidijitali, Mahakama vilevile, na zote mbili zina makao Dodoma. Kinachokosekana ni mifumo hiyo miwili kuzungumza, na mabaraza kuingizwa humo bila kusubiri.

Mirathi nayo isisahaulike. Kiwanja cha marehemu kinauzwa na mmoja wa watoto kabla wenzake hawajajua, na hapo ndipo migogoro mingi ya familia zetu inapozaliwa. Msimamizi aliyeteuliwa na Mahakama ya Mwanzo anatakiwa kurudisha orodha ya mali kwenye fomu namba 5 na hesabu ya mgawanyo kwenye fomu namba 6. Karatasi hizo zipo mahakamani. Mjane wa Kongwa au Bahi ana haki ya kuziona, ila nani amemwambia?

Najua nitajibiwa kwamba mtandao haufiki kila kijiji. Basi ibandikwe ukutani, kwenye ofisi ya kata, orodha ya mashauri ya ardhi ya mwezi huo. Karatasi na gundi vinatosha. Na wale wanaojibu "hizo ni siri za ofisi" wakumbushwe Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016: raia akiomba kwa maandishi, ofisi inatakiwa kumjibu ndani ya siku 30. Andikeni barua, mgongewe nakala yenu muhuri wa kupokelewa. Barua yenye muhuri haiwezi kuambiwa irudi wiki ijayo.

Wenzangu mnaotuma pesa kutoka nje, msitume hata shilingi kwa picha ya WhatsApp. Ombeni karatasi ya upekuzi yenye tarehe ya karibuni, na mtu wenu aende kuuliza barazani kwa namba ya kiwanja.

Sisi tulirudi nyuma kwa sababu binamu yangu alikuwa na rafiki. Kiwanja kile nimekiona kimetangazwa tena, dalali yuleyule, bei imeshuka kidogo, picha ileile ya barua ya toleo. Nilimwandikia dalali, hakujibu. Atakayekinunua sina namna ya kumfikia, na yeye hana mahali pa kuandika namba ile akaona tulichokiona sisi.