Mwacheni na miaka yake 23

Jumapili iliyopita mpwa wangu alirudi kutoka kwenye majaribio na njumu zake kwenye mfuko wa plastiki, hazina hata vumbi. Mpira hakuugusa. Wakala aliyewaita vijana alikuwa amekaa kivulini, akapokea cheti chake cha kuzaliwa, akakipitia kwa macho, akamrudishia. "Beki wa miaka 23 nimpeleke wapi mimi? Nenda kakirekebishe hiki, uje ukiwa na 19."

Imenikaa rohoni wiki nzima. Kughushi cheti ni kosa, hilo halina mjadala, na mzazi anayekubali anamfundisha mwanawe kudanganya hata kabla hajasaini mkataba. Lakini kinachoniuma zaidi ni kule kuamini kwamba beki wa kati akifika 23 hajaonekana, basi amekwisha. Mpwa wangu ameshaanza kuamini. Ndiyo maana nataka tumzungumzie José Fonte, beki wa kati kutoka Ureno.

Klabu ya Sporting ya Lisbon walimlea na hawakumtumia timu ya wakubwa. Akapita Felgueiras, akaenda Vitória Setúbal, akacheza vizuri kiasi cha Benfica kumsajili mwaka 2006. Hapo ndipo kila mtu angedhani mambo yameiva. Hakucheza hata mechi moja ya ligi na jezi ya Benfica. Mkopo Paços de Ferreira, mkopo Estrela da Amadora, kisha mkopo mwingine Uingereza, Crystal Palace, daraja la pili. Alipotimiza miaka 23, Desemba 2006, alikuwa yuko Estrela da Amadora, beki wa mkopo asiyejua msimu ujao atalala wapi. Umri uleule wa mpwa wangu.

Kisha angalieni hatua aliyochukua. Januari 2010, akiwa na miaka 26, aliondoka Palace akashuka daraja la tatu kujiunga na Southampton, timu iliyoanza msimu ule ikiwa imekatwa pointi 10. Wengi wetu tungemshauri akatae. Southampton wakapanda mwaka 2011, wakapanda tena 2012, na Fonte akapanda nao hadi Ligi Kuu. Baadaye akawa nahodha. Timu ya taifa ya Ureno ilimpa mechi ya kwanza Novemba 2014, dhidi ya Argentina pale Old Trafford, akiwa amebakiza mwezi mmoja na siku chache atimize 31. Hebu mfikirie yule wakala na kiti chake kivulini angemwambia nini.

Euro 2016, kombe la mataifa ya Ulaya, wengi tunaikumbuka kwa Ronaldo kutolewa akilia dakika ya 25 ya fainali dhidi ya Ufaransa, na kwa shuti la Eder lililoipa Ureno ubingwa. Mimi naikumbuka kwa mabeki. Kwenye makundi Ureno ilitoa sare tatu, na ile ya Hungary iliisha 3-3, nyuma kumefunguka kama soko. Fonte hakuwa akianza. Mechi ya Croatia, ya kwanza baada ya makundi, ndipo kocha Fernando Santos alipomwingiza kwenye nafasi ya Ricardo Carvalho, akamweka pembeni ya Pepe. Kuanzia siku hiyo hadi kombe linanyanyuliwa, Ureno ilicheza mechi nne, tatu kati ya hizo zikifika dakika 120, na ikafungwa goli moja tu, la Lewandowski wa Poland. Nusu fainali Pepe alikuwa majeruhi, Fonte akacheza na Bruno Alves, Wales wakatoka bila goli. Ndiyo, na bahati ilikuwepo: fainali, dakika ya 92, mshambuliaji wa Ufaransa, Gignac, alimgeuza Pepe ndani ya boksi na mpira ukagonga mlingoti. Nalikubali hilo. Lakini mlingoti haukuzuia zile dakika nyingine zote.

Winga akipungukiwa kasi hatua mbili, kazi yake imeyumba. Beki wa kati ni jambo jingine. Anajifunza kwa kufungwa. Anajifunza lini atoke na lini abaki, anajifunza kuuangalia mguu wa mpigaji badala ya mpira, anajifunza kumpanga beki wa kushoto kwa sauti kabla hatari haijafika. Haya huwezi kuyajua ukiwa na 19 hata ukiwa na kipaji cha ajabu. Fonte aliyajua kwa sababu alikuwa ameshazuia kona za kila aina, kwenye viwanja ambavyo hakuna kamera iliyokwenda.

Alipotoka Southampton alikwenda West Ham, mambo hayakumwendea, na China hakukaa hata msimu mmoja. Hapo watu wakamzika tena. Akaenda Lille ya Ufaransa. Mwaka 2021, akiwa nahodha mwenye miaka 37, pembeni yake mtoto wa miaka 21, Sven Botman, Lille wakabeba ubingwa wa Ufaransa kwa pointi 83, PSG wakiwa na 82. Walifungwa magoli 23 tu katika mechi 38.

Najua, klabu za Ulaya zinanunua kijana ili zimuuze tena, na wakala naye ana watoto wa kulisha. Sawa. Aseme basi kwamba yeye hauzi mabeki wa miaka 23. Asimwambie mtoto wa dada yangu kwamba maisha yake ya mpira yamekwisha, na asimtume kwenda kufuta mwaka wake wa kuzaliwa.

Juzi jioni nilimsimulia haya yote uani. Akanyamaza muda, kisha akauliza, "Mjomba, hiyo Estrela da Amadora ni timu kubwa?" Nikamwambia hapana, ni timu ndogo tu nje kidogo ya Lisbon. Akachukua kile cheti mezani, akakikunja vizuri, akakirudisha kwenye bahasha ya mama yake.