Subirini Mei, pembe hazina miguu

Jumamosi iliyopita niliegesha gari kando ya barabara, magharibi mwa Denver, huku Colorado, Marekani, nikawa natazama ayala kumi na mmoja, wanyama wa porini wanaofanana na swala, wakila vichaka kwenye mteremko unaoelekea kusini, pale ambapo theluji huwahi kuyeyuka. Akatokea bwana mmoja na mbwa wake, akapanda moja kwa moja kuwaelekea, macho chini, anatafuta pembe zilizodondoka. Ayala wakasimamisha masikio, yale makubwa kama ya punda, kisha wakatimka hadi kwenye theluji iliyowafika tumboni. Mmoja alianguka, akainuka, akaanguka tena. Yule bwana hata hakugeuka. Leo ni siku ya tano na hasira bado ninayo.

Na mimi naokota pembe. Huu ni mwaka wangu wa nne na sijapata jambo jingine linalonitoa nje kwa furaha namna hii. Nilipompigia mama picha ya pembe yangu ya kwanza na kumtumia Moshi, alinipigia simu palepale: "Mwanangu, irudishe ulikoitoa. Hizo si nyara za serikali?" Alikuwa na haki ya kuogopa, maana kwetu kuokota pembe porini bila kibali kunakufikisha mahakamani. Nikamweleza kuwa ayala dume si kama mbuzi au swala, ambao pembe zao ni za maisha. Huyu huzidondosha kila mwaka baada ya majira ya kupandana, kisha huota nyingine, na za wapiti, ndugu zao wakubwa, hurefuka hata zaidi ya sentimita 2 kwa siku. Mama akanyamaza, halafu akauliza, "Na haimuumi?"

Haimuumi. Kinachomuumiza ni sisi.

Ifikapo Machi, mafuta aliyojiwekea mnyama tangu vuli yanakaribia kwisha. Vichaka anavyokula vinampunguzia njaa tu, havimrudishii nguvu alizopoteza. Majike wana mimba na watazaa karibu na Juni. Kila mbio unayomlazimisha anazilipia kwa akiba hiyo ndogo, na hana pa kuirudisha mpaka majani yachipue. Anaweza kufa wiki mbili baadaye, kwenye bonde usilolijua, nawe ukalala usingizi mnono ukiamini hukumdhuru mtu. Hilo ndilo linaloniumiza zaidi: hakuna risasi, hakuna damu, hakuna wa kukuambia. Jumatano nilirudi palepale nikahesabu tisa. Huenda wawili wamehama.

Ndiyo sababu tangu 2018 Colorado imepiga marufuku kuokota pembe kwenye ardhi ya umma yote iliyo magharibi mwa barabara kuu ya I-25, kuanzia Januari 1 hadi Aprili 30. Jimbo jirani la Wyoming nalo lina katazo la miezi hiyohiyo upande wake wa magharibi. Miezi minne tu!

Najua mtaniambia kwamba anayesubiri hukuta wenzake wamekwisha kuokota. Ni kweli. Mwaka jana niliona pembe mbili kwa darubini mwezi Aprili, jozi safi, na Mei nikakuta nyayo za watu. Iliniuma. Najua pia kwamba wanunuzi hulipa kwa uzito, na ile ambayo bado ni ya kahawia ina bei kuliko iliyochujuka kwa jua. Mtu anayetafuta kodi ya nyumba siwezi kumdharau. Lakini yule wa Jumamosi alikuwa na gari la kifahari na mbwa aliyefunzwa kazi hiyo.

Wanaofukuza wanyama kwa droni sina la kuzungumza nao.

Mei mosi nitakwenda na kijana wa jirani yangu, familia iliyotoka Bukavu, ana miaka kumi na miwili. Nitamwonyesha kuanzia kwenye uzio, kwa sababu ayala akiruka na kutua kwa kishindo, pembe iliyolegea hudondoka hapohapo. Kisha tutapita chini ya ile miti ya jamii ya mtarakwa wanakojikinga na upepo. Tukikuta nyayo za wengine, tutasogea hadi uzio unaofuata.