Kapasita Zimevimba, Fundi Anataka Kuweka Windows Upya

Hapa Kampala, mtu mwenye kompyuta ya mezani inayojizima ovyo hana haja ya kumwuliza fundi ugonjwa ni nini, kwa kuwa dawa inajulikana tangu mlangoni: Windows iwekwe upya. Haiwaki kabisa? Windows. Inazimika katikati ya barua? Windows. Naamini hata nikimpelekea fundi wetu wa Wandegeya pasi ya mkaa, ataniuliza kwanza kama nimehifadhi mafaili.

Mashine ninayochapia kazi za wanafunzi ni ya miaka ya mwanzo ya 2000, zama ambazo kapasita nyingi, vile vikopo vidogo vya kuhifadhi umeme ndani ya mashine, zilijazwa kimiminika kibovu kilichotoa gesi ndani kwa ndani, hata zikavimba na kupasuka katika kompyuta za dunia nzima. Kapasita hizo hupanga foleni kando ya prosesa, ubongo wa kompyuta, ili kuutuliza umeme kabla haujaingia humo, na zikichoka, prosesa hupata umeme unaoyumba, nayo mashine hujizima bila kuaga. Kuzitambua hakuhitaji shahada ya Makerere: kichwa cha kapasita nzima ni bapa, na za kwangu zilikuwa zimetuna kama vitumbua, moja ikitoa utando wa kahawia. Mafundi waliziangalia, wakaomba flashi ya kuwekea Windows.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja wa kutengeneza redio, ambaye Windows haijui na wala haitaki. Alinituma dukani nikatafute kapasita za mikrofaradi 1500 (kipimo cha uwezo wa kuhifadhi umeme), volti 6.3 au zaidi, za kuhimili nyuzi joto 105 na zenye ukinzani mdogo wa ndani. Muuzaji akanipa kapasita ya feni ya darini. Nilipomweleza kwamba volti zaweza kuzidi lakini mikrofaradi zapaswa kulingana, alinitazama kwa huruma na kusema, "Bosi, kapasita ni kapasita."

Kuzing'oa nako kulikuwa kesi nyingine, maana ubao mama, ule mkubwa unaobeba prosesa na kapasita, una matabaka ya shaba yanayonyonya joto, na chuma cha kulehemia cha wati 30 kilichotosha kwa redio hapa kilikuwa kinapasha tu hewa ya Mungu. Ikabidi tuazime cha wati 60, kisha matundu yakazibuliwa kwa kijiti cha meno wakati risasi ya kulehemia ingali laini, na kila kapasita ikawekwa huku mstari wake ukielekea upande hasi, kwa sababu ukigeuza, italipuka usoni pako.

Nilipodhani tumemaliza, mzee akanigeukia: "Mwanangu, hata hizi ambazo hazijavimba ni za kundi lile lile; kapasita hufa bila kuvimba." Hakuwa na kosa, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi, kwa maana nilirudi kwa muuzaji yule yule, nikatoa shilingi zangu kuzika kapasita ambazo kwa macho zilikuwa na afya kunishinda mimi.