Chalbi si ya kupitika wakati wowote
Makala moja inadai kwamba dereva aliye peke yake anaweza kukatiza Jangwa la Chalbi, kaskazini mwa Kenya, msimu wowote, mradi gari lake livute kwa magurudumu yote manne na awe na madumu ya mafuta ya akiba, sikubaliani. Chalbi ni sakafu ya ziwa la kale, na baada ya mvua, ukoko mkavu wa chumvi huficha tope ambalo magurudumu manne hulichimba tu, wala hakuna gari la pili la kukuvuta. Kupunguza upepo wa matairi husaidia zaidi kwenye mchanga kuliko kwenye tope hilo. Koleo, ubao wa kuweka chini ya jeki, maji ya siku kadhaa na mtu aliyebaki mjini Marsabit anayejua saa unayotarajiwa kufika North Horr, ng'ambo ya jangwa, vina faida kuliko winchi, mashine ya gari kujivuta kwa kamba (mti wa kuifungia utaupata wapi?). Waliopita Kalacha, kijiji cha ukingoni mwa jangwa, karibuni, njia ya pembezoni imekauka?