Kabla ya Kupaka Sila Pevingi za Uani

Siku hizi jijini Tanga, kuanzia Raskazone hadi Kange, nyumba nyingi mpya huwekwa pevingi uani, yaani matofali ya zege ya kutandaza chini, na kazi ikikamilika fundi humshauri mwenye nyumba apake sila, dawa ya maji ya kukinga uso wa zege, ili zing'ae na zidumu. Ushauri huo hutolewa kwa nia njema, lakini naona kwamba kwa nyumba nyingi za mji huu fedha hiyo ingefaa zaidi kutumika chini ya pevingi kuliko juu yake.

Katika nchi za baridi, maji yanayoingia ndani ya zege huganda, huongezeka ujazo kwa takriban asilimia 9 na kulipasua, kwa hiyo kuyazuia yasiingie ni jambo la maana. Tanga hakuna maji yanayoganda uani. Kinachoharibu pevingi zetu ni udongo usioshindiliwa vizuri, matofali yaliyofyatuliwa kwa saruji haba na kuuzwa kabla ya kumwagiliwa maji kwa siku za kutosha, pamoja na mvua za masika zinazosomba mchanga wa kwenye viungo, yaani nafasi kati ya tofali na tofali. Sila haiponyi udongo legelege wala tofali dhaifu.

Madhara ya sila huanzia kwenye unyevu. Sila ya kung'aa, ambayo kwa kawaida ni ya akriliki (aina ya plastiki), huacha ngozi nyembamba juu ya tofali, ilhali ardhi ya pwani hubaki na unyevu muda mrefu baada ya mvua kukatika. Jua la Februari linapopiga, unyevu ule hugeuka mvuke na kutafuta njia ya kutokea juu, ukakuta njia imezibwa. Kwanza hutokea ukungu mweupe chini ya mng'ao, kisha vilengelenge, na hatimaye ngozi hubambuka vipande vipande kama gome la mpera, ukiikwangua kwa ukucha inatoka. Kuirekebisha ni kazi ngumu kuliko kuipaka, kwa sababu sila ya zamani iliyoharibika haifunikwi kwa mpya. Ni lazima iondolewe kwanza kwa dawa kali, na dawa hiyo ikioshwa huishia mitaroni.

Kuna pia ule unga mweupe unaojitokeza juu ya pevingi mpya, ambao watu huuita magadi au chumvi. Huo ni chokaa ya saruji iliyoyeyuka katika maji, ikapanda juu na kukutana na hewa ya ukaa. Haudhoofishi tofali, na mara nyingi mvua na ufagio huumaliza wenyewe. Ukipaka sila juu yake, umeufungia ndani, na weupe huo utautazama kila siku. Kwa hiyo hata aliyekwisha kuamua kupaka ningemsihi asubiri msimu mzima wa mvua upite.

Jambo linalonigusa zaidi ni usalama wa wazee na watoto. Sila ya kung'aa ikilowa huteleza, na uani ndiko watu wanakotawadha, wanakofulia na wanakopita na ndoo mikononi. Zile zinazoipa pevingi mwonekano wa kulowa huifanya rangi yake iwe nyeusi zaidi, na rangi nyeusi hufyonza joto. Mtoto anayecheza peku adhuhuri ndiye anayelipa gharama ya urembo huo.

Sisemi kwamba sila haina mahali pake. Panapokaangwa samaki, panapoegeshwa gari linalovuja oili, au chini ya mzambarau ambao matunda yake huacha madoa ya rangi, kinga ni halali. Hapo ningechagua sila inayopenya, ya sileni au siloksani (kemikali za kufukuza maji), ambayo huingia ndani ya tofali na kulifanya lisinywe maji bila kuacha ngozi juu, hivyo mvuke bado hupata pa kutokea. Hata hiyo haizuii oili kikamilifu, lakini humpa mtu muda wa kuifuta. Ningepaka eneo hilo tu, si ua wote.

Kabla ya kupaka, chukua kipande cha nailoni angavu chenye upana wa nusu mita, kibandike juu ya pevingi kavu kwa utepe pande zote nne, ukiache hadi kesho yake. Ukikuta matone upande wa chini, ardhi bado inatoa maji, ahirisha. Ukikuta pakavu, paka asubuhi na mapema tofali likiwa bado la baridi, kwa kuwa mchana sila hukauka juu kabla ya kupenya.

Kwa sehemu nyingine zote, fedha ielekezwe kwenye kushindilia ardhi kwa mashine, matofali yenye unene wa milimita 60 panapopita magari madogo, mteremko wa takriban sentimita 2 kwa kila mita ili maji yasituame, na mchanga mkavu wa kufagilia kwenye viungo kila baada ya masika. Mchanga huo usichotwe ufukweni, kwani chumvi yake huvuta unyevu na kuacha weupe mwingine juu ya pevingi.