Tela la Ubia

Kichwa cha lori langu nakijua vizuri. Kikikohoa tu, najua kinataka nini. Tela, hilo ni la ubia. Babu, dereva mwenzangu mzee, analipandisha kutoka Dar na kuku wa barafu, analiacha kwenye yadi Iringa. Mimi nalikuta hapo, naliunga kwenye kichwa changu, nalishusha Dar na maziwa. Hatuonani na Babu. Tunajuana kwa alichoacha mwenzako ndani.

Na Babu anaacha mengi. Friji ya tela ina injini yake na tangi lake la dizeli. Geji ya lile tangi ilikufa siku nyingi, kwa hiyo kila dereva ana kijiti chake. Babu akikuambia "nimekuachia nusu", nachovya kijiti, kinatoka na unyevu kwenye ncha tu. Nusu kweli, ila ya kikombe.

Halafu vitunguu. Babu hakuzaliwa wa kupita Ruaha Mbuyuni bila kununua vitunguu, na hanunui kilo mbili, ananunua gunia. Gunia likikaa mbele na yeye linamtoa machozi, basi linahamia nyuma, juu ya kuku. Kuku hawalalamiki, wako kwenye mifuko na wameganda. Lakini maziwa! Maziwa yanadaka harufu haraka kuliko jirani anavyodaka umbea. Mkaguzi wa kiwandani haangalii makaratasi kwanza, anaingiza pua. Mara mbili amenirudisha. Kwa hiyo utingo wangu, Chogo, ndiye anayelipia mboga za Babu: kila safari anaingia na ndoo, sabuni ya unga na malimao, anasugua huku anatukana kwa adabu.

Siku ya mkasa, Chogo alikuwa ndani anasugua, mlango wazi. Nikaenda mbele kuwasha friji. Skrini ikawaka: joto la ndani 68, na namba aliyoiweka Babu, 39.

Nikapiga kelele. "Chogo! Njoo uone! Mzee kaweka thelathini na tisa! Alikuwa anasafirisha kuku au anawaangua?"

Chogo akachungulia na povu mpaka kwenye viwiko. "Na hiyo 68 je, bosi?"

"Sensa hiyo imekufa," nikasema. Sensa ya friji, kidude cha kupima joto, si ile ya watu na makazi. "Kila anachokigusa yule mzee kinakufa."

Hati ya mzigo ilitaka nyuzi 4. Nikabonyeza mshale wa chini, nikabonyeza, nikabonyeza, mpaka kidole kikafa ganzi. Nne. Hapo hapo nikamkumbuka Babu, na ule ujumbe wake wa sauti alionitumia alfajiri, dakika sita. Nilikuwa nimesikiliza dakika ya kwanza, nikakuta bado anaulizia hali ya wazee nyumbani, nikaacha.

Kiwandani, mkaguzi akaingiza pua, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akatoa kile kipimajoto chake cha bastola, akaipiga risasi sakafu, kikasema 5. Skrini yangu ilikuwa inasema 41.

"Mashine yako ina homa," akasema.

"Sensa, kiongozi. Ila baridi ni ya kweli."

"Baridi ninaiona. Pakia."

Tukapakia maziwa na mtindi wa pakiti, tukaondoka jioni. Safari ilikuwa tamu, na kilichonifurahisha zaidi ni ile sensa. Tulipomaliza kushuka Kitonga nikasimama kukagua breki, nikaangalia skrini: 30. Mikumi, 22. Kibaha, kunakaribia kupambazuka, 11! Nikamwita Chogo aamke.

"Unaona? Inapona yenyewe. Mpaka tufike itakuwa nne."

"Mungu mkubwa," akasema Chogo, akarudi kulala.

Ghala la mteja Dar lina mama mmoja wa mapokezi ambaye hacheki kabla ya saa tano. Mlango wa tela ulipofunguliwa, ukatoka moshi mweupe kama wa jukwaa la muziki. Yule mama akanyoosha mkono, akachukua pakiti ya mtindi kutoka boksi la juu. Akaitazama. Akaigonga kwenye bodi ya tela: ko, ko, ko.

"Hodi," akasema.

Maboksi ya juu yote, na yale ya pembeni kwenye ukuta, yalikuwa matofali. Ya katikati yamenusurika. Na mtindi ukiganda ukayeyuka hauwi mtindi tena: maji huku, mabonge kule, kama ndoa iliyoshindikana.

Bosi akaja mwenyewe, kwa bodaboda, na hiyo si dalili njema kwa mtu mwenye gari. Nikawahi kuongea kabla hajavua helmeti.

"Bosi, ni Babu. Aliacha friji kwenye 39. Na sensa mbovu. Mimi nimeweka nne kama hati inavyosema."

Bosi akampigia Babu, akaweka spika. Babu akaamkiwa, akaitikia, akauliza habari za watoto, kisha akasema kwa upole: "Lakini mbona nilimtumia kijana sauti? Hakuisikia?"

Wote wakaangalia simu yangu. Mama wa mapokezi ndiye aliyesema, "Iweke."

Sijawahi kusimama dakika sita ndefu namna ile. Dakika ya kwanza, wazee nyumbani. Ya pili, goti lake. Ya tatu na ya nne, bei ya vitunguu. Ya tano akapitiwa na basi lenye honi. Ya sita: "...sasa mwanangu, skrini ya friji inasoma farenhaiti, sijui nani kabonyeza. Nimekuwekea thelathini na tisa, ndiyo nne zako za maziwa hizo. Usiguse chochote. Na dizeli nimekuachia nusu."

Nne za farenhaiti, kumbe, ni kama 15 na nusu chini ya sifuri kwa nyuzi zetu za selsiasi.

"Basi angalau tujue nani alibonyeza," nikasema, natafuta pa kushika. "Huyo ndiye chanzo."

Chogo akakohoa, akanigeukia mimi. "Bosi, si usiku ule wa Mikumi? Friji ilipozima, ukabonyeza vyote kwa tochi ya simu, ikawaka, ukasema wewe ni fundi wa kuzaliwa?"

Nikamwambia akagonge matairi. Yote. Aanzie la mwisho.