Wapagazi wa Vita Kuu na jiwe lisilo na majina

Pale Mtaa wa Samora unapokutana na Azikiwe, Dar es Salaam, sanamu ya Askari imesimama tangu 1927. Maandishi yake, kwa Kiingereza na Kiswahili, yanawasifu askari Waafrika wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia (1914–1918) pamoja na wapagazi waliokuwa miguu na mikono ya jeshi, kisha yanaahidi kwamba anayepigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Jina lenyewe halimo. Hata moja.

Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola iliundwa 1917, na kanuni yake ilikuwa nzuri: kila marehemu akumbukwe kwa jina, jenerali na kuruta wapate jiwe la namna moja, bila kujali cheo, rangi wala dini. Mwaka 2021 tume hiyo ilikiri katika ripoti yake kwamba wasiopungua 116,000, pengine hadi 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, wengi wao wakiwa Waafrika wa mashariki na wale wa Misri. Waziri wa ulinzi wa Uingereza akaomba radhi bungeni.

Wapo wanaoutetea mnara wa pamoja, na si kwa chuki. Mpagazi alikufa kwa kuhara damu, malaria au njaa, akafukiwa kando ya njia, na karani aliyemwandikisha mara nyingi hakujua lugha yake. Ukichonga majina uliyoyapata tu, umewafuta wengine mara ya pili. Mnara wa wote haumwachi mtu. Hoja hii ina uzito, ila sivyo mambo yalivyoamuliwa. Mwaka 1923 Gordon Guggisberg, gavana wa Gold Coast (Ghana ya leo), aliieleza tume kwamba mwenyeji wa kawaida asingeelewa wala kuthamini jiwe la kaburi. Hapo tatizo halikuwa daftari. Na daftari zilikuwepo: Oscar Watkins, aliyewasimamia wapagazi wa Waingereza huku kwetu, alikuwa na kazi ya kuwaandikisha na kuwalipa, na mtu wa kulipwa mshahara lazima awe na jina mahali fulani. Afrika Kusini wametafuta wakapata. Januari 2025 ulizinduliwa Cape Town ukumbusho wa vibarua weusi zaidi ya 1,700 waliokufa wakitumikia jeshi barani Afrika, kila mmoja na nguzo yake ya mti yenye jina.

Je, nasi tuige? Hapa ndipo ninaposita. Tume inawahusu waliokufa upande wa Uingereza tu. Wapagazi wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani huku, walitoka katika nchi hiihii, na wapo waliobeba mzigo wa Mjerumani, wakatekwa, wakabeba wa Mwingereza. Ukuta wa majina wa tume ukijengwa Tanzania utawatenganisha ndugu kwa bendera ambayo hakuna hata mmoja wao aliyeichagua. Wengi walikamatwa tu, hasa katika msako mkubwa wa 1917. Kuwaandika leo kuwa walikufa kwa ajili ya mfalme na nchi yao ni kuwaongezea uongo juu ya dhuluma.

Kwa hiyo ningeanza na karatasi kabla ya mawe. Daftari zilizobaki, za Waingereza na za Wajerumani, zitolewe hadharani kwa wilaya na vijiji, ili koo zisahihishe majina yaliyoandikwa ovyo. Ukuta ufuate baadaye, na maneno yake yaandikwe na watu wa huku. Shida ni nani ana sauti. Tume inagharamiwa na serikali sita: Uingereza, Kanada, Australia, New Zealand, Afrika Kusini na India. Kenya na Tanzania, ambako wapagazi hao walichukuliwa, hazimo.